Ajenti nyepesi ya kufuatilia seva yenye RAM ya gigabaiti 1: ipi haitaila seva yenyewe?

Mlinzi_wa_Seva #1
Wakuu salaam. Nina VPS ndogo (seva ya kukodi, ni sehemu ya mashine ya mtoa huduma): kiini kimoja cha prosesa, RAM gigabaiti 1, Debian 13, swapu (nafasi ya diski ya kuipokezana na RAM) hakuna. Ndani kuna Nginx, PHP-FPM na MariaDB. Nilitaka kujua hali yake bila kuingia kwa SSH kila mara, kwa hiyo nikaweka ajenti, yaani programu ndogo ya ufuatiliaji, inayokusanya takwimu kila sekunde na kuzihifadhi humo humo kwenye seva.

Tangu hapo, usiku mwingine mnamo saa nane na dakika kumi MariaDB inauawa na kerneli kwa sababu kumbukumbu imeisha (OOM). Asubuhi tovuti inalalamika haipati databesi, na grafu ina pengo kwenye dakika zile zile ninazozitaka. Nimetoa jedwali kwa `journalctl -k`, safu ya rss (RAM inayokaliwa na kila mchakato) inasema hivi:

mariadbd 71300
ajenti 46210
php-fpm wapo watano, kila mmoja kama 9000

Maswali mawili. Je, ajenti ndiyo chanzo? Na kama ndiyo, ipi ni nyepesi kweli kwa seva ya aina hii?

Fundi_Terminali #2
Mkuu, tatizo ni kuhifadhi takwimu kwenye mashine ile ile unayoichunguza. Tenganisha. Weka node_exporter peke yake: inasoma /proc na /sys pale inapoulizwa, inajibu kwenye poti 9100, haihifadhi chochote. Prometheus, inayohifadhi takwimu, ikae kwenye mashine nyingine, ije kuvuta. node_exporter inatumia makumi machache tu ya megabaiti, na ukizima vikusanyaji usivyovihitaji inapungua zaidi. Anza na `--collector.disable-defaults`, kisha washa cpu, meminfo, filesystem, diskstats, netdev, loadavg na pressure. Seva ya tovuti haihitaji zaidi ya hapo.

Chuma_Chakavu #3
Fundi unamtibu mgonjwa kabla ya kumpima. Ajenti ina 46210, yaani kama megabaiti 45. Megabaiti 45 haziui seva ya gigabaiti 1. Mwenye makosa ni MariaDB, hajapangiwa `innodb_buffer_pool_size` (akiba yake ya RAM) inayolingana na mashine.

BintiKerneli #4
Chuma, hapo hesabu si sahihi. Lile jedwali la OOM haliandiki rss kwa kilobaiti, linaandika kwa kurasa za kumbukumbu, na kwenye x86 ukurasa mmoja ni kilobaiti 4. Kwa hiyo:

ajenti: 46210 × 4 = 184840 kB, karibu megabaiti 180
mariadbd: 71300 × 4 = 285200 kB, karibu megabaiti 279

Kinachochanganya ni kwamba ule mstari wa mwisho kabisa, unaotaja mchakato uliouawa na kuandika anon-rss, wenyewe upo kwa kilobaiti tayari. Logi moja ina vipimo viwili.

Chuma_Chakavu #5
Nimekupata, asante dada. Basi jumlisha sasa: 279, na 180, na PHP watano kama megabaiti 176. Jumla 635. Na hao PHP wanagawana sehemu ya kumbukumbu, kwa hiyo jumla halisi ni chini ya hapo. Seva ina gigabaiti 1. Megabaiti mia tatu na zaidi ziko kwa nani?

Mzee_wa_Logi #6
Hilo ndilo swali. Mlinzi umesema Debian 13. Kuanzia toleo hilo /tmp ni tmpfs (mfumo wa faili ulio ndani ya RAM) kwa chaguo-msingi, na inaruhusiwa kufika nusu ya RAM. Faili lolote linaloandikwa /tmp linakaa kwenye RAM, na kwa kuwa huna swapu halina pa kukimbilia. Mbaya zaidi, kumbukumbu hiyo haionekani chini ya mchakato wowote kwenye jedwali, kwa sababu hakuna mchakato unaoimiliki. Saa nane usiku ni saa ya kazi za cron, zile zilizopangiwa muda. Bekapu yako inaandika wapi?

Mlinzi_wa_Seva #7
Mzee, bekapu inaanza saa nane na dakika tano. Ni `mariadb-dump` inayopitishwa moja kwa moja kwenye gzip, matokeo yanakwenda /var/backups. Haigusi /tmp. Nimepiga `df -h /tmp` sasa hivi, kuna megabaiti 3 tu.

Kijana_wa_Wingu #8
Basi ni mariadb-dump. Ile inabeba jedwali zima kwenye kumbukumbu kabla ya kuliandika.

BintiKerneli #9
Ingekuwa hivyo kama `--quick` imezimwa, na yenyewe imo ndani ya `--opt` ambayo inawashwa bila kuombwa. Inasoma rekodi moja moja. Halafu kama ingekuwa yenyewe ungeiona kwenye jedwali kwa jina lake.

Mzee_wa_Logi #10
Mlinzi, kuiangalia /tmp mchana hakuthibitishi kitu. Faili za muda zinafutwa. MariaDB yenyewe ikipata swali zito lenye kupanga au kukusanya, na jedwali la muda likawa kubwa, inalitupa kwenye tmpdir, na tmpdir usipoitaja ni /tmp. Kwenye ile ile logi ya OOM, juu ya jedwali, kuna sehemu inaanza na Mem-Info. Tafuta neno shmem (kumbukumbu ya kugawana, tmpfs ikiwemo) ulete namba yake.

Jirani_Mbaya #11
Mimi nasema ni majirani. VPS za bei ya chini wanabanana wengi kwenye mashine moja, usiku kila mtu anafanya bekapu. Nilishapitia hayo kwa kampuni moja, seva inakuwa nzito saa zile zile kila usiku, nikahama na tatizo likaisha.

Fundi_Terminali #12
Jirani anakunyang'anya muda wa prosesa, hakunyang'anyi RAM. Ukiona safu ya st kwenye `vmstat 1` inapanda, hapo jirani anahusika. OOM ni jambo la ndani ya mashine yako.

Jirani_Mbaya #13
Si lazima. Kuna watoa huduma wanaotumia puto la kumbukumbu kwenye KVM, hypervisor (programu inayoendesha VPS zote za mashine) inaomba RAM irudishwe, na mgeni anabaki na kidogo. Aangalie MemTotal na kumbukumbu iliyo huru usiku, asitegemee ya mchana.

BintiKerneli #14
Hilo linawezekana, nakubali. `lsmod | grep balloon` itaonyesha kama dereva ipo, ingawa kuwapo kwake si ushahidi kwamba inatumika.

Mkongwe_wa_RRD #15
Turudi kwenye swali la pili la Mlinzi, maana mmezama kwenye OOM. Kwa seva ndogo mimi nabaki na collectd. Ipo tangu 2005, imeandikwa kwa C, inakusanya kila sekunde 10, na ukiiambia iandike RRD (faili la takwimu linalozunguka) faili lina ukubwa ule ule tangu siku linapoundwa. Diski haitajaa kwa sababu ya grafu hata ukisahau miaka mitatu. Na kama hutaki kuhifadhi hapo, inasukuma kwa UDP kwenda mashine nyingine, poti 25826.

Kijana_wa_Wingu #16
Mkongwe, kila uzi wa seva unaingia na collectd mkononi 😀 Siku hizi dunia ipo Prometheus, kitu kimetoka Google.

Mkongwe_wa_RRD #17
Nitaingia nayo na uzi ujao, ipo inafanya kazi. Ila Prometheus haikutoka Google. Ilianzia SoundCloud mwaka 2012. Walioianzisha walikuwa wamepita Google na wakachukua mawazo ya Borgmon, mfumo wa ndani wa kule. Mwaka 2016 ikaingia CNCF, taasisi inayolea miradi ya wingu, mradi wa pili baada ya Kubernetes.

Zuhura_Zabbix #18
Kwa mtu mwenye seva nyingi zilizo nyuma ya NAT (hazifikiki moja kwa moja kutoka nje), kuvuta kunasumbua, kwa sababu mashine kuu inatakiwa iifikie kila seva. Zabbix inakupa njia zote mbili. Ajenti ya kawaida ikiulizwa inajibu kwenye 10050, na ukiiweka kwa hali tendaji inasukuma yenyewe kwenda 10051 ya seva kuu, hufungui poti yoyote upande wa VPS. Chagua ile ya C, si ajenti 2 ya Go, kama RAM ni kidogo. Ya C inakula megabaiti chache tu.

Kasoro yake ni upande wa pili: seva kuu ya Zabbix inataka databesi yake, na hiyo si nyepesi. Kwa VPS moja ni mzigo usio na sababu.

Fundi_Terminali #19
Kwa kusukuma hata Prometheus inaweza. Tangu toleo 2.32 la mwaka 2021 ina hali ya ajenti: inavuta hapo hapo, haihifadhi historia, inasukuma kwa remote write kwenda hifadhi ya mbali, na mtandao ukikatika inaweka akiba kwenye WAL (logi yake ya diskini) kisha inaendelea. vmagent ya VictoriaMetrics inafanya kazi ile ile na ni nyepesi zaidi.

Mlango_Wazi #20
Naomba niingilie kwenye hizo poti. Msimwache mwenzetu aweke node_exporter kisha 9100 iwe wazi kwa dunia nzima. Hakuna nywila hapo. Mtu yeyote anasoma toleo la kerneli yako, majina ya diski, ujazo wa trafiki na muda ambao seva imekaa tangu iwashwe, yaani anajua hata kama hujaweka kiraka kinachohitaji kuwasha upya. Funga kwenye anwani ya ndani: `--web.listen-address=127.0.0.1:9100` kisha upitie handaki la SSH, au iweke kwenye anwani ya WireGuard (VPN). Inakubali pia TLS na nywila kupitia `--web.config.file`.

Na anayeiendesha ndani ya Docker asikae akiamini ufw, ukuta wa moto wa seva. Poti iliyochapishwa na Docker inapita kwenye kanuni za iptables zilizo mbele ya ufw, unaona "deny" kwenye orodha huku mlango upo wazi.

Kijana_wa_Wingu #21
Mimi yangu ipo ndani ya kontena na inaonyesha diski vibaya kabisa. Inaonyesha overlay tu.

Mlango_Wazi #22
Kwa sababu inaangalia nyumba ya kontena, si mashine. Iendeshe kwa `--net=host --pid=host`, fungasha (mount) mzizi kwa `-v /:/host:ro,rslave`, na uiambie `--path.rootfs=/host`. Ila kwa ajenti, kitengo cha systemd kinatosha, kontena linaongeza kazi bila faida. Na zile ajenti zinazokuomba uzipe docker.sock (soketi ya kuiamuru Docker) zifikirie mara mbili: anayeshika soketi hiyo ameshika root, hata ukiifungasha kwa kusoma tu.

Mlinzi_wa_Seva #23
Nimerudi. Mzee_wa_Logi, Mem-Info inasema shmem:31540. Kama nayo ni kurasa, inakuja 126160 kB, karibu megabaiti 123.

Mzee_wa_Logi #24
Ni kurasa, ndiyo. Megabaiti 123 kwenye seva ya gigabaiti 1. Nasimama na tmpfs.

Chuma_Chakavu #25
Taratibu mzee. OPcache ya PHP (akiba ya skripti zilizokwisha kutafsiriwa) nayo ni kumbukumbu ya kugawana, inahesabiwa humo humo kwenye shmem, na chaguo-msingi la `opcache.memory_consumption` ni megabaiti 128. Namba inalingana vizuri mno na OPcache.

BintiKerneli #26
Inalingana na kikomo, lakini kerneli inahesabu kurasa zilizoguswa tu, si kikomo kilichoandikwa. OPcache ya tovuti moja ndogo mara nyingi haijajaa. `opcache_get_status()` itakwambia imetumia kiasi gani. Pia kerneli ya Debian 13 inagawa rss kwenye lile jedwali: rss_anon, rss_file, rss_shmem. Mlinzi ulikata safu hizo ulipobandika. Za PHP zinasemaje?

Mlinzi_wa_Seva #27
rss_shmem ya kila PHP iko kati ya 5500 na 6200. Ya mariadbd ni 0, ya ajenti ni 0.

Chuma_Chakavu #28
Hiyo inafika megabaiti 24 kwa kila mmoja, OPcache hiyo.

Mzee_wa_Logi #29
Ile ile inayogawanwa! Kama wote wanagusa kurasa zile zile, OPcache ni megabaiti 24, na karibu megabaiti 100 zilizobaki zipo kwenye faili za muda ambazo hazina mwenyewe.

Chuma_Chakavu #30
"Kama." Kila mfanyakazi wa PHP anahudumia kurasa tofauti za tovuti, anagusa sehemu tofauti za OPcache. Wakigusa sehemu tofauti kabisa, watano mara 24 ni 120. Namba zako na zangu zote zinaingia.

BintiKerneli #31
Na hata hizo 123 bado hazifikishi gigabaiti 1. Ongeza kerneli yenyewe, slab (kumbukumbu ya vitu vidogo vya kerneli), jedwali za kurasa. Mlinzi angalia pia slab_unreclaimable kwenye Mem-Info. Keshi ya faili msiihesabu kama mtuhumiwa, hiyo inaachiwa ikihitajika. Ndiyo maana MemAvailable iliongezwa kwenye kerneli 3.14, na ndiyo grafu ya kufuatilia, si MemFree. Seva nzima yenye afya itaonyesha MemFree ndogo.

Mwana_Atop #32
Mnabishana kwa picha moja iliyopigwa wakati wa kifo. Anachohitaji ni dakika tano za kabla. Hapo sar haisaidii, maana sysstat, kifurushi chake, inachukua sampuli kila dakika 10. atop nayo ukiiacha ilivyo ni dakika 10. Prometheus ya kila sekunde 15 inaweza kuruka kilele cha sekunde nne. Kwa hiyo ile ajenti ya kila sekunde aliyonayo Mlinzi haikuwa wazo baya, kasoro ni uhifadhi wa hapo hapo.

Fundi_Terminali #33
Kwa vilele vifupi kuna PSI (kipimo cha kerneli cha kubanwa), tena haina haja ya sampuli za kila sekunde. Soma /proc/pressure/memory. Mstari wa some unaonyesha muda ambao angalau kazi moja ilikwama ikisubiri kumbukumbu, full ni pale zote zilipokwama. Ile total ni kihesabu kinachopanda tu, kwa hiyo kilele kilichotokea katikati ya sampuli mbili hakipotei, tofauti yake unaiona sampuli inayofuata. Ipo tangu Linux 4.20 ya mwaka 2018. Mifumo mingine imeizima, unaongeza `psi=1` kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kwa node_exporter ni `node_pressure_memory_stalled_seconds_total`.

Jirani_Mbaya #34
Yote hayo ya nini wakati uptime inakupa mzigo wa wastani? Ukizidi idadi ya viini, prosesa imezidiwa.

Mwana_Atop #35
Kwenye Linux mzigo wa wastani unahesabu pia michakato iliyo hali ya D, inayosubiri diski au NFS iliyokufa. Unaweza kuwa na mzigo wa 40 huku prosesa imelala. Unakwambia kuna foleni, haukwambii foleni ya nini.

Zuhura_Zabbix #36
Swali kwenu: Mlinzi akibaki na ajenti, aipe kipaumbele gani OOM ikija? Mimi naweka `OOMScoreAdjust=500` (namba ikiwa kubwa inauawa mapema) na `MemoryMax=64M` kwenye kitengo chake cha systemd. Seva ikibanwa, ajenti ife kabla ya databesi. Kazi ya seva ni wateja.

Mwana_Atop #37
Napinga kabisa. Ajenti ikifa kwanza umepoteza macho kwenye dakika pekee ulizoiwekea. Mimi naipa -500. Ni nyepesi, kuiua hakuokoi chochote.

Zuhura_Zabbix #38
Ikiwa nyepesi, sawa. Ya Mlinzi ina megabaiti 180.

Mwana_Atop #39
Ndiyo maana ibadilishwe kwanza. Lakini ukishaibadilisha, ilinde.

Mlango_Wazi #40
Hata ikilindwa, mashine nzima inaweza kuzimika. Ajenti haitatuma arifa kwamba imekufa. Lazima kuwe na kitu nje kinachopiga kelele kwa ukimya: kwa Prometheus ni `up == 0`, na kama unasukuma badala ya kuvuta ni `absent()`. Watu wengi wanaweka arifa za diski 90% na wanasahau hii.

Mkongwe_wa_RRD #41
Na kwenye diski wasisahau `df -i`. Inode (nafasi za kuorodhesha faili) zikiisha unaambiwa hakuna nafasi huku diski ina gigabaiti 12 tupu. Kipindi PHP inaweka kila kikao kwenye faili lake, hilo linatokea kimya kimya.

Mlinzi_wa_Seva #42
Asanteni sana. Ninachofanya: ajenti ya sasa inatoka, node_exporter inaingia kwenye anwani ya WireGuard, uhifadhi unahamia mashine nyingine. tmpdir ya MariaDB naipeleka /var/tmp, na `pm.max_children` (idadi ya wafanyakazi wa PHP) inashuka. Slab nitaileta baada ya usiku kupita.

Chuma_Chakavu #43
Ukibadilisha vyote kwa pamoja na OOM ikaacha, mimi na Mzee tutabishana mpaka mwakani nani alikuwa sahihi. Badilisha kimoja, subiri, kisha kingine.

Mzee_wa_Logi #44
Hapo nakuunga mkono. Anza na tmpdir.

Chuma_Chakavu #45
Nilijua utasema hivyo. Aanze na PHP.

Mlinzi_wa_Seva #46
Wakuu, seva ina wateja, siwezi kuifanyia majaribio kitu kimoja kwa wiki. Ila tmpdir na ajenti naweza kuzitenganisha kwa usiku kadhaa. Swali dogo: nataka skripti ya bekapu iandike saa iliyomaliza na ukubwa wa faili, vionekane kwenye grafu moja na kumbukumbu. Inawezekana bila ajenti nyingine?

Fundi_Terminali #47
Inawezekana. Washa kikusanyaji cha textfile, uipe `--collector.textfile.directory`, na skripti iandike humo faili lenye kuishia .prom. Liandike kwanza kwa jina lingine, ukimaliza ulihamishe kwa mv, ili node_exporter isije ikasoma faili lililoandikwa nusu.

BintiKerneli #48
Na lile jina lingine liwe kwenye saraka ile ile, au angalau mfumo ule ule wa faili. Ukiliandika /tmp kisha ukalihamishia /var, kwenye Debian 13 hiyo ni kutoka tmpfs kwenda diski, mv inageuka kunakili, na usomaji wa nusu unarudi pale pale.

Mlinzi_wa_Seva #49
Nimeelewa. Ninaandika bekapu.prom.mpya humo humo, kisha mv.